Choroko za Terry

Kabla pete haijapotea zilitangulia kupotea choroko, na kwa muda choroko ndizo zilizoleta kelele zaidi.

“Nani anakula ndengu zangu mbichi?” Terry aliuliza. Alisimama katikati ya chumba, taulo kichwani, akilitikisa kopo ili kila mtu asikie lilivyopwaya. “Zingepikwa ningesikia harufu. Kuna mtu humu anazitafuna kavu kama mbuzi.”

“Tangu uzinunue umezipika lini?” Sharifa alimjibu kutoka kitanda cha juu. “Zimechoka kukungoja, zimerudi dukani.”

“Wee Sharifa, nitakuchapa.”

“Njoo. Lakini vua kwanza hilo taulo langu.”

Chumba kizima kilicheka. Mwanahawa naye alicheka, kwa kipimo, si sana wala si kidogo. Kile ambacho Nakuru kwa kina Terry huitwa ndengu na Tanga kwa kina Mwanahawa huitwa choroko kilikuwa wakati ule ule kimelala ndani ya sidiria yake, upande wa kushoto.

Walikuwa wanawake wanne, katika makazi ya kampuni pembezoni mwa Industrial Area, mahali ambapo wafanyakazi wa Doha wanapaita Sanaiya. Wote walikuwa walinzi. Damaris, Mkisii mwenye sauti nzito, aliongoza zamu kazini, na kwa hiyo aliongoza chumba pia. Terry alikuwa mdogo wao. Sharifa alitoka Unguja na alikuwa na neno kwa kila jambo. Mwanahawa, aliyekuwa na miaka ishirini na tisa, alikuwa fundi wao wa upekuzi. Kwenye ukumbi wa maonyesho kule Lusail, wanawake walipita mmoja mmoja nyuma ya pazia lake, na yeye aliweza kutambua kiberiti, simu au chupa ya manukato kupitia baibui na nguo mbili za ndani bila kumfanya mwenye mwili ajisikie ameguswa. Kampuni ilimpa kazi ya kuwafundisha walinzi wapya.

“Vidole vinapapasa,” aliwaambia. “Mwanamke mwenzio usimpapase. Tumia mgongo wa kiganja.”

Ilikuwa siku moja ya mafunzo kama hayo alipoupitisha mgongo wa kiganja juu ya kifua chake mwenyewe, mbele ya wanafunzi, kuwaonyesha mahali vitu vinapofichwa: chini ya titi, pembeni, kuelekea kwapani. Mkono ukakuta kitu. Kilikuwa kigumu, kimetulia, hakikusogea kilipobonyezwa. Angekikuta kwa mwanamke mwingine, angemwambia kwa heshima, “Dada, naomba unionyeshe.” Kwa kuwa kilikuwa chake, aliendelea na somo hadi mwisho, na kwa miezi kadhaa baada ya siku ile alioga bila kuupitisha mkono hapo.

Hakuwa mjinga. Alimaliza kidato cha nne na alama nzuri za biolojia. Alijua uvimbe usiouma si lazima uwe uvimbe mwema. Lakini alikuwa amepewa jina la shangazi yake, dada wa baba, na shangazi huyo alimaliza mwaka wake wa mwisho katika chumba cha uani ambamo udi ulifukizwa kutwa. Waliouliza waliambiwa ana kidonda. Kidonda kiko wapi, hakuna aliyesema. Wanawake waliomwosha walipotoka hawakumtazama mtu usoni, na baadaye ilinong’onwa kwamba ziwa lisilonyonyesha huoza lenyewe, maana marehemu hakuwahi kuzaa. Mwanahawa naye aliolewa, hakuzaa, akaachwa. Aliujua ule kuwa uongo. Hata hivyo alipotoka bafuni alizungusha kanga mpaka shingoni.

Alikwenda hospitali pale ngozi ilipoanza kuingia ndani kama kifungo kwenye mto wa kochi. Muuguzi aliyemtafsiria maneno ya daktari alikuwa Mkenya aitwaye Valerie, mwanamke wa maneno machache.

“Ni saratani,” Valerie alisema. “Haijafika kwenye ini wala kwenye mifupa. Titi la kushoto litaondolewa lote. Halafu utapewa dawa ya kutundikiwa kwa dripu, halafu mionzi. Una swali?”

“Kambini watajua?”

Valerie alimtazama kidogo. “Wengi huuliza kama watapona.”

“Na mimi nauliza hilo.”

“Hukuuliza hilo.”

Kambini alisema anakwenda kukatwa kidole tumbo. Alirudi na mkono usioinuka vizuri, na Sharifa akampikia uji wa mchele wenye pilipili manga kila asubuhi, akimsifu kwa ushujaa wake. “Hebu nione huo mshono,” Sharifa alisema siku moja. Mwanahawa akamjibu kwamba kovu la chini ya kitovu halionyeshwi hovyo, na Sharifa, aliyelelewa vizuri, akaomba radhi. Siku za dawa alisema kampuni imemwita kufundisha walinzi wapya. Nywele zilipoanguka alisema ni maji ya Doha. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa kuwa kila mwanamke aliyefika Doha ana lawama yake juu ya maji ya Doha.

Kifua ndicho kilichomshinda. Valerie alimpa titi la sifongo la kuvaa hadi kovu likomae, lakini sifongo ni nyepesi. Kila Mwanahawa aliponyoosha mikono kumpekua mtu, lilipanda hadi karibu na mtulinga. Shati la sare ni jeupe na linabana. Ndipo siku moja, wenzake wakiwa zamu, alipokata kipande cha kanga, akashona kifuko cha mviringo na kuchota choroko katika kopo la Terry. Alichagua choroko kwa sababu ni nzito, ni laini, na zinajipanga zenyewe mtu anapoinama. Kifuko kilikaa vizuri. Kulikuwa na kijiwe kimoja tu ndani yake kilichogusa kovu alipolalia upande ule. Choroko hazikosi vijiwe. Angeweza kufumua mshono akakitoa, lakini kufumua kungetaka akishike kitu kile mchana kweupe na kukitazama. Akakiacha kijiwe chake.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana Sharifa alikuwa akipanga sanduku. Likizo yake ilikuwa imefika, na sanduku lilikuwa limejaa vitenge, maziwa ya unga na shampuu, kana kwamba Unguja hakuna maduka. Alishuka kitandani, akachukua sinia, akalimimina kopo la Terry lote juu yake.

“Leo utapikiwa, Terry,” Damaris alisema. “Umepata bahati.”

Sharifa hakucheka. Alizitandaza choroko, akazikusanya, akazitandaza tena. Akainua kopo na kutazama ndani.

“Pete yangu haimo.”

“Pete gani?” Terry aliuliza.

“Ya mama. Ile ya dhahabu niliyomnunulia sokoni. Niliitia humu.”

“Ndani ya ndengu zangu?”

“Mama yangu huficha dhahabu kwenye mchele tangu mie mtoto. Mwizi anavunja kabati, havunji choroko. Na humu ndani wewe ndiye usiyepika.”

“Kwa hivyo umefanya kopo langu benki na hukuniambia!”

“Na sasa benki imeibiwa,” Sharifa alisema. “Kopo ni lako, Terry. Mkono unaoingia humu ni wako. Ulikuwa unapiga kelele choroko zimeibwa, nami nikadhani ni mzaha wako, kumbe unajisafishia njia.”

Mwanahawa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake. Kijiwe kilikuwa mahali pake, chini kidogo, karibu na mwisho wa kovu, na sasa alijua kina tundu katikati. Alijua kama alivyokuwa akijua kiberiti nyuma ya nguo tatu. Alikuwa amekibeba kwenye basi, kazini, hospitali, na kwenye mkeka wa swala.

Aliinuka. “Naenda chooni mara moja.”

“Hakuna kutoka,” Damaris alisema. “Si wewe ulitufundisha? Anayengoja kupekuliwa haendi chooni kwanza. Kaa, Hawa. Tumalize hii kitu wenyewe kabla haijafika kwa Philipo.”

Philipo alikuwa msimamizi wa makazi, Mtanzania mpole ambaye upole wake uliishia pale sheria za kampuni zilipoanzia. Kwa wizi wa chumbani sheria ilikuwa moja: mwizi anapewa tiketi ya kurudi kwao. Kwa Terry tiketi ilikuwa na maana ya kupoteza kazi. Kwa Mwanahawa ilikuwa na maana ya kuacha dawa katikati, na Valerie alishamweleza, bila kupamba, kinachoweza kutokea matibabu yakiachwa katikati.

Walipekua makabati, magodoro, viatu. Kisha Damaris akamwita Terry.

Alimpekua sawasawa, kwa mgongo wa kiganja, kama alivyofundishwa: mabega, ubavu, chini ya matiti, kiuno, mapaja. Alimvua viatu na kupitisha kidole ndani ya soksi. Sharifa akasema atazame na kwenye rasta, na Damaris akazifungua rasta za Terry moja baada ya nyingine. Terry, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alisimama mikono imenyooshwa huku machozi yakimdondoka hadi kwenye fulana.

“Mimi siibi,” alisema. “Mimi ni mvivu tu. Kila mtu anajua.”

“Basi umeshaiuza,” Sharifa alisema.

Mwanahawa alitazama yote hayo. Upekuzi ule ulikuwa kazi yake, kila mwendo wa mkono ni yeye aliyeufundisha, na sasa aliona unavyoonekana upande wa pili wa pazia. Alijua kwamba maneno machache tu yangetosha kuusimamisha. Hakuyasema.

Damaris alimgeukia, akasita. “Wewe sikupekui. Bado una mshono wa tumbo, sitaki kukuumiza. Na wewe hata chumvi ya mtu huombi.” Akachukua simu. “Terry, mimi sina budi. Ikikaa hapa, kesho itasemwa nimeficha.”

Simu ilianza kuita upande wa Philipo. Terry alikaa chini, akaanza kuvaa viatu vyake kama mtu aliyekwisha kuitwa kwenye gari. Ndipo lilipomjia Mwanahawa wazo lililo wazi kabisa, halina haya: Terry akiondoka, hapatakuwa na upekuzi mwingine. Usiku atafumua kifuko, kesho pete itaonekana chini ya kabati la Sharifa, na watu watasema maskini Terry. Wazo lilikuwa sahihi kila upande. Alilitazama kama anavyotazama kitu kilichotolewa mfukoni mwa mtu na kuwekwa mezani, na akaona ni lake.

“Kata simu,” alisema. “Pete ninayo mimi.”

Damaris alikata. Sharifa aligeuka na sinia mkononi.

“Mwana, usijitolee. Huu si wakati wa huruma zako.”

“Sijitolei. Nilichota choroko. Pete ilikuja pamoja nazo, sikujua.”

“Choroko umezipeleka wapi?” Sharifa aliuliza. “Umezila?”

“Sikuzila.”

Alitaka kuwageukia ukuta, lakini aliyekutwa na kitu hageuki; hilo pia alikuwa amelifundisha. Akafungua vifungo vya shati, akaingiza mkono, akatoa kifuko cha kanga. Upande wa kushoto wa shati ukalala bapa. Kifuko kilikuwa na joto la mwili, kimelowa jasho kidogo, na kwenye kitambaa lilisomeka nusu ya neno la methali, maana kanga alikuwa ameikata bila kuchagua. Akakiweka kwenye sinia.

“Hiyo ni nini?” Terry aliuliza, na hapo hapo akajijibu kwa kuziba mdomo.

Damaris alichukua mkasi wa kucha na kufumua mshono. Choroko zilimwagika juu ya choroko. Pete ilitoka mwisho, imeshikana na uzi. Hakuna aliyeichukua.

Sharifa alikuwa akitazama shati. Macho yake yalipanda hadi kwenye kitambaa cha kichwa, ambacho Mwanahawa siku hizi hakukivua hata akilala, yakashuka tena.

“Kidole tumbo,” alisema polepole. Kisha akapandisha sauti. “Kidole tumbo! Mie nimekupikia uji wa kidole tumbo! Nimempigia mama Unguja akusomee dua ya tumbo! Mama wa watu anaomba Mungu kwa tumbo lisiloumwa!”

“Sharifa,” Damaris alisema.

“Niache! Kama ni kifua angesoma ya kifua!”

Mwanahawa alizipokea kelele zile kwa nafuu fulani, maana alikuwa ameogopa vilio vya kuhurumiwa. Lakini Terry hakupiga kelele. Alikuwa bado chini, kiatu kimoja mguuni, nywele zimesimama kila upande.

“Nimepekuliwa mpaka kwa soksi,” Terry alisema. “Na ulikuwa umekaa hapo.”

“Ndiyo.”

“Ulijua.”

“Tangu Sharifa alipolitaja kopo.”

Angeweza kutaja dawa, tiketi, shangazi na chumba cha uani. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la alichoulizwa. Alifunga kifungo kimoja cha shati, vidole vikakikosa cha pili, akaacha.

Simu ya Damaris iliita. Philipo alikuwa ameona simu iliyokatika. Damaris akaiweka simu kwenye spika ili chumba kizima kisikie, kama alivyozoea katika mambo ya kazi, asije akasingiziwa neno.

“Ulinipigia, Damaris. Kuna nini huko?”

“Hapana, bosi. Ni mambo ya chumba, tumemaliza.” Alimtazama Mwanahawa, akaongeza, “Lakini Mwanahawa hayuko vizuri. Nataka umtoe kwa zamu za hii wiki.”

“Tena? Bado ni lile tumbo? Operesheni ya kidole tumbo mbona watu wanapona upesi. Niwaambie nini ofisini? Anaumwa nini hasa?”

Damaris aliifunika simu kwa kiganja. “Niseme nini?” alinong’ona. “Niseme kidonda? Kidonda hakina maswali.”

Kwa hakika hakina. Mwanahawa alikumbuka moshi wa udi uliokuwa ukipita chini ya mlango wa uani, na jinsi yeye mwenyewe, binti wa shule, alivyokuwa akiweka sahani ya chakula kizingitini na kubana pumzi. Alinyoosha mkono wa kulia, akapewa simu. Uso ulikuwa ukimwaka hadi masikioni.

“Shikamoo, bosi. Ni Mwanahawa.”

“Marahaba. Tumbo vipi?”

“Tumbo ni zima. Nilidanganya. Nina saratani.” Alijua kwamba asipomaliza sasa hatamaliza. “Ya titi. La kushoto limeshakatwa. Natundikiwa dawa hospitali, na Jumapili asubuhi nina miadi nyingine.”

Upande wa pili mtu mzima mwenye mke na mabinti alikohoa, akatafuta pa kushika. “Titi,” alisema. “Pole. Pole sana, dada yangu. Kwa hiyo... Jumapili. Basi la Lusail linapita karibu na hospitali. Nitamwambia dereva akushushe.” Akakohoa tena. “Nitamwambia una miadi tu.”

“Mwambie unavyotaka, bosi. Ofisini waambie kama nilivyokwambia.”

Alimrudishia Damaris simu bila kumtazama. Neno lilikuwa limeshatoka, tena kwa mwanamume, na kufika kesho lingekuwa kwenye basi, jikoni, foleni ya nguo. Alitamani sakafu ifunguke. Sakafu ilikuwa ya vigae vya kampuni, haikufunguka.

Sharifa aliichukua pete, akaifuta kwa ncha ya kanga yake na kuifunga katika leso ndani ya sanduku. Kisha akakaa chini, akalivuta sinia mapajani na kuanza kuchambua choroko, akizisukuma kwa kidole kwenda upande mmoja na kuvitupa vijiwe upande mwingine. Alikuwa bado amekasirika. Ilionekana kwa jinsi alivyovitupa.

“Leteni sindano,” alisema. “Na uzi mweupe, si huu mweusi. Nani anashona kifua kwa uzi mweusi?”

Terry alivua kile kiatu kimoja. Aliinuka, akafungua kabati lake, akaleta sindano na uzi, akamkabidhi Sharifa bila kupita karibu na kitanda cha Mwanahawa. Alikuwa hajasamehe. Alirudi pale alipokuwa amekaa, akaanza kukusanya vibanio vya nywele sakafuni.

“Ujaze zaidi ya hapo,” alimwambia Sharifa, mgongo ukiwa kwao. “Hiyo ilikuwa ndogo kuliko ile ingine. Nimeona siku mingi. Nilidhani ni sidiria ya bei rahisi.”

Damaris alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Sharifa naye akainama juu ya sinia, mabega yakitikisika. Mwanahawa hakucheka. Alikaa akikumbuka kila asubuhi aliyojitazama kwenye kioo na kujihesabia kuwa amewadanganya wote, huku shati likibana na macho yakimwona. Kisha akavipata vifungo vilivyobaki na kuvifunga, kimoja kimoja, hadi cha shingoni, ingawa wakati huo hakuna aliyekuwa akimtazama.